Maoni ya Mwenye Picha ya Taa

Nilianza kucheza mchezo ule wa mizimu msimu ambao kazi ya ushonaji ilipungua. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kutoka Kizuka, wanawake wa huko wakaacha kuleta vitambaa vyao mjini, na mimi nikawa nakaa nyuma ya cherehani yangu pembeni ya soko la Rumonge, hapa Burundi, nikiangalia watu wapite. Mteja mmoja, mwalimu aliyekuja kupimwa gauni, ndiye aliyeniwekea mchezo kwenye simu. Alisema unamtuliza akili akitoka darasani.

Kuueleza ni rahisi. Unachagua shujaa mmoja kati ya miungu na mizimu ya hadithi za zamani za mataifa mbalimbali: yuko mungu wa radi mwenye nyundo, yuko nyoka mwenye vichwa viwili, yuko mwanamke anayetembea na nyuki. Unawekwa peke yako katika uwanja usio na mwisho. Kisha maadui wanakuja, kwanza wachache, baadaye kundi zima, kutoka pande zote. Hakuna kitufe cha kupiga. Shujaa anapiga mwenyewe. Wewe kazi yako ni kutembea tu, kukwepa, na kuokota mawe yanayong'aa ili upewe nguvu mpya. Ukivumilia mpaka kengele ilie, umepona.

Nilimpenda yule mwanamke wa nyuki. Lakini kusema kweli, kilichonishika zaidi ya mchezo wenyewe kilikuwa ukurasa wa maoni ya wachezaji. Kila mtu alikuwa na la kusema. Mmoja alilalamika kwamba tangu mabadiliko ya mwisho mungu wa radi amekuwa mzembe, anapiga pale ambapo hakuna mtu. Mwingine aliupa mchezo nyota zote kisha akautukana mpaka mwisho wa ukurasa. Mwingine alisema unapasha simu moto kama pasi. Walikuwepo pia waliosifu kila kitu kwa maneno yaleyale, mchezo bora, picha nzuri, hongereni sana, na sisi wengine tuliamini hao wametumwa na wenye mchezo. Wengi waliandika kwa Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na mara mojamoja ungekuta mtu wa Lubumbashi au Goma. Mimi sikuandika. Nilikuwa nasoma tu, sindano mdomoni, nikisubiri mteja.

Mume wangu hakuupenda. Yeye ni fundi wa injini za boti, ana ateliye, karakana ndogo ya mabati, karibu na pale wavuvi wanapoanika ndagala. Akinikuta na simu alikuwa anasema, "Bibi yangu, huo muchezo ni ya watu hawana kazi." Nami nikimjibu kwamba ndiyo, ndio hali yangu.

Aliyeuchukia kabisa alikuwa mama yake.

Inabidi nieleze kidogo juu yetu sisi wawili. Mimi nilizaliwa mtaa wa Waswahili hapahapa Rumonge, katika nyumba ya Waislamu wauza vitambaa. Mama mkwe wangu alivuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini akiwa msichana, akakulia Minago, ni mtu wa kanisa na kiongozi wa akina mama wa maombi, na anauza mawese. Ndoa yetu ilikuwa ya dini mbili, na kila upande ulituangalia kwa jicho la pembeni. Mama mkwe hakuwahi kunitolea neno baya. Alikuwa akinichunguza tu. Akija kwangu alikuwa anafunua sufuria kabla ya kukaa.

Siku moja ya soko alikuja kwenye cherehani yangu na kidumu cha mawese, akanikuta nimezama katika simu. Sikumwona mpaka kivuli chake kilipofunika kioo. Yule nyoka wa vichwa viwili alikuwa katikati ya picha, mkubwa, anatoa moto.

"Amahoro, mama," nikasema, nikaishusha simu.

"Amahoro. Hii iko nini?"

"Ni muchezo tu, mama."

"Muchezo wa nyoka?" Aliweka kidumu chini. "Nyoka wa vichwa mbili, halafu iko nakutolea moto, na weye unamwangalia mu macho. Mwanangu, hii iko mizimu. Wanaileta pole pole hivi, mu simu, mu vitu ya kuchekesha."

Nikamwambia ni picha tu zilizochorwa na watu. Hakunibishia. Aliweka mkono juu ya cherehani, akafumba macho, akaomba kwa sauti ya chini, na wauza nyanya wa karibu wakanyamaza kwa heshima. Kisha akaondoka. Niliona aibu, na niliona hasira pia, na jioni nilimweleza mume wangu. Akacheka. Akasema mama yake ni hivyo, nimzoee.

Haukupita muda mrefu nikaona kwenye ukurasa maoni ya mtu mpya. Hakutumia jina. Alikuwa na picha ya taa ya karabai, ile ya zamani ambayo wavuvi waliitumia kabla ya taa za betri. Aliandika hivi, bila kituo wala mkato:

"Maadui wa huu muchezo wanakuya kama ndagala kwenye taa ukikimbia unawavuta usikimbie zunguka pole pole upande mumoja waache wajirundike halafu pita katikati yao"

Nikasimamisha cherehani. Ndagala. Mtu wa Kenya angesema omena, wa Kigoma angesema dagaa. Huyu alikuwa mtu wa ufukwe wetu, au wa Uvira kwa mbali. Nilijaribu alivyosema. Nikazunguka polepole upande mmoja, nikaacha maadui wajirundike, nikapita katikati. Kwa mara ya kwanza nikavumilia mpaka kengele ikalia.

Tangu hapo nikawa namtafuta. Kila mara alikuwa na jambo. Kuhusu yule nyoka alisema moto wake ni wa kutisha watoto, haufiki mbali. Kuhusu mwanamke wa nyuki aliandika maneno ambayo niliyarudia kichwani siku nzima: "Huyu mwanamuke hana nguvu ya kupiga nguvu yake iko kupita yeye anateleza kama mawazo." Anateleza kama mawazo! Watu wakaanza kumjibu. Wengine walimwita mshairi. Wengine walimshuku. Kijana mmoja wa Nairobi aliandika kwamba hakuna binadamu anayeongea hivyo, hiyo ni mashine imewekwa na kampuni ili ukurasa uonekane una watu. Lakini mtu mmoja mwenye picha ya ua la njano alikuwa anamtetea kila mara. "Nimefuata shauri lako nimeshinda," aliandika. "Murakoze cane. Wewe unajua kusema." Murakoze cane. Hiyo ni asante sana ya Kirundi; huyo naye alikuwa wa kwetu Burundi.

Mpaka hapo nilikuwa nafurahi tu. Kilichonitoa furaha ni maoni yafuatayo. Mwenye taa alikuwa anamlalamikia mungu wa radi, akasema: "Vita ikiwa kali yeye anarudi Kizuka."

Niliisoma tena.

Maneno hayo hayana maana kwa mtu mwingine yeyote duniani. Yanatoka katika nyumba ya mume wangu. Baba yao, marehemu, siku moja aliacha wageni mezani, akasema amesahau kofia yake Kizuka, akaenda kuichukua, wakamwona tena wiki iliyofuata. Tangu hapo, katika familia ile, mtu akikukimbia wakati unamhitaji wanasema amerudi Kizuka. Nimewasikia wakisema hivyo kwenye harusi na kwenye msiba. Nje ya nyumba yao sijapata kuyasikia.

Nikahesabu wanaoyajua. Shemeji yangu wa Bujumbura ni dereva wa lori, hata kupokea simu anaona kazi. Wifi yangu ameolewa mbali, simu yake ni ile ya vitufe. Mama mkwe ndiye aliyeniombea dhidi ya mchezo wenyewe mbele ya soko zima. Aliyebaki ni mume wangu, mtu anayekaa na wavuvi kutwa, anayezijua taa na ndagala kuliko mtu yeyote, na ambaye aliniambia uso kwa uso kwamba mchezo huo ni wa watu wasio na kazi.

Sasa kama anacheza, kwa nini afiche? Na kama anaficha mchezo, ambao hauna dhambi yoyote, kuna nini kingine? Na huyu mwenye ua la njano ni nani, anayemwambia unajua kusema? Mimi katika miaka yote ya ndoa sijawahi kusikia mume wangu akisema kitu kinateleza kama mawazo. Kwangu anasema chumvi imezidi.

Nikaanza kumwangalia. Ukianza kumwangalia mtu kwa nia hiyo, hakuna anachofanya kikawa cha kawaida. Alikuwa akipigiwa simu anatoka nje. Labda alikuwa akitoka hivyo siku zote kwa sababu ndani mtandao ni mbaya, lakini mimi sikuwa nimeona. Mara mbili nilimkuta anatabasamu peke yake. Siku moja nilipita nyuma yake akiwa ameshika simu, nikaona kwenye kioo rangi ya zambarau, ile ya mlango wa mchezo. Aliigeuza.

"Unacheza?" nikamuuliza.

"Mimi?" Akacheka, na kicheko kikawa kirefu kuliko swali. "Mimi nacheza? Niko naangalia betri."

Alipoingia kuoga niliichukua simu yake. Namba ya kufungulia ninaijua. Nilitafuta mchezo, haukuwepo. Nilitafuta ua la njano, halikuwepo. Nikasoma ujumbe wa wavuvi wanaouliza juu ya injini zao, wa fundi mwenzake wa Gatete, wa mama yake anayemwambia alete kamba ya kufungia mapipa. Hakukuwa na kitu. Ungefikiri nilitulia. Niliirudisha mahali pake nikasema moyoni, simu hii ni safi mno.

Basi nikaingia kwenye ukurasa mwenyewe. Nikaweka picha ya kitenge chekundu ili asinijue, nikamwandikia mwenye taa: "Uko wapi wewe?"

Jibu lilikuja baada ya muda: "Niko karibu na maji weye unauliza kama nani"

Sikujibu. Lakini niliona ujanja wa mtu anayejihami.

Ndipo nikatega mtego. Jioni moja tulikuwa tunakula ubwari, ugali wetu wa muhogo, na samaki, tuko wawili tu, nikasema kama mtu anayeongea ili kujaza kimya: "Leo nimegundua kitu katika ule muchezo. Mwanamuke wa nyuki, ukimpa ile nguvu mpya ya baragumu, nyuki wake wanapoteza nguvu. Hakuna anayejua."

Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeubuni nikiosha mboga. Sikumwambia mtu mwingine, wala mwalimu, wala wateja.

"Eh," akasema mume wangu, akaomba pilipili.

Siku hizo zote nilikuwa nafungua ukurasa kila nikimaliza pindo. Na kweli, ikaja. Mwenye taa aliandika: "Kuna watu wanasema baragumu inaua nguvu ya nyuki nimejaribu asubuhi nzima si kweli aliyesema hivyo hajui kucheza ao anadanganya"

Nilikaa na simu mapajani. Nilikuwa nimepata ushahidi nilioutaka, na juu yake nimetukanwa mbele ya Afrika Mashariki yote. Chini yake ua la njano lilikuwa limeandika, "Umesema kweli. Wadanganyifu ni wengi."

Nilifunika cherehani kwa turubai, nikamwomba muuza nyanya aniangalizie, nikashuka kuelekea ziwani. Ilikuwa mchana, jua kali, harufu ya ndagala imejaa njia yote. Mume wangu alikuwa na injini imening'inizwa kwenye pipa la maji, anaijaribu, moshi umemzunguka. Aliponiona aliizima.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Weye njo taa, weye mwenyewe."

"Taa gani?"

"Taa ya karabai. Mu muchezo. Mwenye kuandika."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimojakimoja, na macho yake yakawa yanatafuta pa kwenda. Niliyaona. Nikasema kwa haraka kabla hajapanga maneno: "Nilikuambia baragumu inaua nguvu ya nyuki. Nilikuambia weye peke yako. Nimekutungia uongo, na leo iko kwenye ukurasa. Sasa niambie, na yule wa ua ni nani?"

"Ua?"

"Ua la njano. Anakuambia unajua kusema."

Akakaa juu ya sanduku la vyuma, akainama, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini siyo kwa furaha yote.

"Nilimwambia mama," akasema.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Iko mumoja tu. Aliniuliza, bibi yako anasema nini juu ya muchezo siku hizi? Nikamwambia anasema hivi na hivi, baragumu na nyuki. Nilijua ni kitu gani mimi?"

Nikashindwa kuelewa. Akanieleza taratibu. Siku ileile aliyoniombea sokoni, mama yake alimpitia ateliye akamwambia amwekee mchezo kwenye simu yake. Alisema anataka kujua mkwe wake anakula nini kwa macho. Alimwapisha asiniambie. Mwanzoni alikuwa anautafuta ushetani wake tu. Baadaye akawa anampigia mwanawe kumuuliza mabadiliko mapya yanaingizwaje, mega za mtandao zikiisha anunue zipi, na kwa nini nyoka amekwama. Ile rangi ya zambarau niliyoiona ilikuwa simu ya mama yake. Zinafanana, alinunua zote mbili siku moja. Aliileta nyumbani kuitengeneza.

"Na kutoka nje kuongea?"

"Nilikuwa naongea na yeye. Ningefanya nini? Aliniapisha."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Aliniangalia sana.

"Ulifikiri ni mwanamuke," akasema.

Nikaangalia maji ndani ya pipa.

"Siku zile zote umenyamaza, unaniangalia nikila, nilifikiri una ugonjwa unanificha. Kumbe ulikuwa unanichunguza." Akasimama, akavuta kamba ya injini, ikawaka, na hatukuweza tena kusikilizana.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Minago. Sikumwambia mtu. Sehemu ya moyo wangu bado ilikuwa haijaamini. Nilijiambia mwanamume anaweza kumtanguliza mama yake kama ngao, maana anajua nitaona aibu kumuuliza.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, pale mapipa ya mawese yanapokaa kivulini. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, amenipa mgongo, miwani puani, simu ameiweka karibu na mdomo kama mtu anayetaka kuinywa. Alikuwa anaisemesha.

"Huyu nyoka wamemuongeza nguvu," alisema polepole, kwa ile sauti yake ya kanisani, "lakini hana adabu. Kichwa moja inapita mbele ya ingine. Tena anateleza vibaya, anateleza kama mawese."

Akaisogeza mbali, akaisoma kwa kukunja uso. "Mawazo," akasema. "Kila siku mawazo. Mawese, weye! Ma-we-se!"

Nilicheka kwa nguvu. Sikuweza kujizuia. Yale maneno niliyokuwa nimeyabeba kichwani siku nzima, yale ambayo kwa ajili yake nilimwonea wivu mwanamke ambaye hata sikumjua, yalikuwa mafuta ya kupikia.

Aligeuka akaificha simu chini ya kitenge. Haraka aliyoificha nayo ilinionyesha kwamba si mara ya kwanza.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Amahoro."

"Mwanangu amesema."

"Nilimlazimisha."

Nilingoja anifukuze au aanze kuomba. Akasogea, akanipa nafasi kwenye beseni.

"Nilitaka nikamate weye na shetani mahali pamoja," akasema. "Njo ukweli. Nilisema nitaingia, nitaona wanamuabudu nani humo, halafu nitakuya kukuambia na ushahidi. Nikaandika mara ya kwanza kuwaonya watu. Usome, iko kule chini."

Baadaye niliyatafuta maoni hayo. Yapo kweli, ya zamani kabisa, hayajajibiwa na mtu: "Mujihadhari hii muchezo iko mizimu muombe." Yanayofuata yanasema mizimu hiyo ina kanuni nyingi mno. Yanayofuata tena yanauliza namna ya kumfungua mwanamke wa nyuki.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu nikaona haina kuabudu. Iko mutu anatembea tu." Alitoa simu chini ya kitenge akaifuta kioo kwa ukingo wake. "Hiyo kutembea mimi ninaijua. Tulitoka kule ng'ambo na mama yangu, vita imefika, watu wako pande zote, na yeye aliniambia usikimbie, ukikimbia watakuona. Tembea kama unaenda kuteka maji. Tukapita katikati yao. Sikupiga mutu, sikuwa na kitu mu mukono. Nilikuwa tu najua mahali ya kusimama." Akairudisha miwani puani. "Wale vijana wanalia mu ukurasa, eti huyu mwanamuke hana silaha. Silaha ya nini?"

Kwa miaka yote hiyo nilimjua kama mtu anayefunua sufuria zangu.

"Kusoma ninasoma," akaendelea, "lakini vidole vyangu vina mafuta, vinakosa herufi. Njo maana ninasema kwa mudomo. Simu inaandika yenyewe, ikitaka inaweka mawese, haitaki inaweka mawazo."

Kisha akanigeukia, na yale macho ya kuchunguza yakarudi. "Na weye njo ile kitenge chekundu?"

Nikakubali.

"Nilijua iko mwizi! Mutu anakuuliza uko wapi, hata hakusalimia. Nilimwambia mwanangu, kuna watu wanatafuta simu ya wazee."

Nikamuuliza juu ya ua la njano. Alishusha sauti ingawa tulikuwa peke yetu na mapipa. Alisema anamshuku mwenzake mmoja wa maombi, mama mzito wa heshima anayepinga hata ngoma kwenye harusi, kwa sababu siku moja katika ibada mama huyo alimshukuru kwa jambo fulani akasema "wewe unajua kusema." Lakini hana uhakika, na hawezi kuuliza. Akimuuliza atajitaja mwenyewe. Mpaka leo hatujajua. Jumapili, anasema, wanaimba wakiangaliana.

Kilichokuwa kinamuuma ni lile neno la kuitwa mashine. Aliniomba nimwandikie jibu zuri, kwa Kiswahili cha shule, waone kwamba ni mtu. Nilikaa pale Minago mpaka jua likapungua nikamwandikia, na vituo na mikato yake, sentensi zimenyooka. Nilieleza kwamba ni mama mtu mzima wa Burundi, muuza mawese, anayecheza mchana akisubiri wateja. Akasoma, akaridhika, tukatuma.

Yule wa Nairobi alijibu kesho yake: "Sasa ndiyo mmeona. Hii ndiyo mashine. Yule wa kwanza angalau alikuwa anaongea kama mtu." Wengi walimuunga mkono. Ua la njano liliandika kwamba aliyeandika haya siyo mwenye taa, taa imeibiwa.

Mama mkwe aliponionyesha alikuwa amekasirika, kisha akaanza kucheka. Tangu siku hiyo anaandika kwa mdomo wake, na makosa yote. Mtu akimuuliza kama ni mashine anamjibu, "Njoo ununue mawese ujue," na simu inaandika njoo ununue mawazo.

Na mume wangu je? Yeye hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba. Tangu siku ya ateliye alianza desturi mpya: kila jioni, kabla ya kula, alikuwa anatoa simu yake mfukoni, anaifungua, anaiweka mezani kando ya sahani yangu, kioo juu. Ikipigwa alipokea hapohapo na sauti imefunguliwa, na mimi nikala chakula changu nikisikiliza wavuvi wakibishana juu ya plagi na mafuta ya injini. Nikimwambia, "Chukua simu yako," anajibu, "Iache, huenda utaihitaji." Ilikaa pale kama mgeni asiyetaka kuondoka. Nilijaribu kumwomba radhi, mara moja jikoni na mara moja njiani tukitoka msibani, na mara zote mbili alisema yameisha, na jioni simu ikarudi kando ya sahani.

Mama yake ndiye aliyeiona siku moja alipokuja. Akafunua sufuria, akakaa, akaiangalia simu ile, akatuangalia sisi. Hakuuliza. Alimwambia mwanawe kwa Kifuliiru, lugha ya kwao Kivu, maneno ambayo sikuyaelewa, na mume wangu akainamisha kichwa. Mimi, kwa mazoea, nikaanza kujiuliza amemwambia nini. Nikajizuia, nikagawa chakula.

Wiki hiyohiyo tulikuwa tunakula, akapigiwa simu na mtu wa Gatete. Akaangalia namba, akasema, "Huyu anapiga kelele, nitasikia vizuri nje," akasimama akatoka nayo. Nilimsikia anaongea na kucheka gizani karibu na mlango, maneno nusunusu. Alikawia. Samaki wake alipoa. Aliporudi aliitia simu mfukoni mwa suruali badala ya kuirudisha kando ya sahani yangu, akaketi, akasema chumvi imezidi.

Nikamsogezea maji.